Uzi: Kombi ya 1971 imeoza chini, naifufua mwenyewe nyumbani (na kosa kubwa nimeshalifanya)

Kobe_wa_Lami (mwenye uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko. Naandika huku unga wa kutu ukiwa bado kwenye nyusi. Nina Volkswagen Kombi ya 1971, ile ya mizigo isiyo na madirisha ubavuni. Imelala chini ya turubai zaidi ya miaka kumi. Nimeamua kuifufua mwenyewe, taratibu, na nitakuwa naleta hapa kila hatua.

Nilipoichukua nilijidanganya. Kwa macho ilikuwa na malengelenge matatu ya rangi juu ya tao la gurudumu la nyuma, na ukurutu kidogo chini ya kioo cha mbele. Nikasema hii kazi ya wiki mbili. Jumamosi nikashika bisibisi pana, nikawa nagonga kizingiti cha chini ya milango kwa mpini, huku nasikiliza. Mbele kinalia "ting, ting". Kukaribia gurudumu la nyuma kikalia "pu", kama mtu anayegonga boga. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kidogo tu. Ikazama hadi mpini.

Nikaleta tindo. Chini ya rangi ni puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati. Kipande nilichobandua nimekipima, unene milimita 14. Chini ya puti kuna wavu wa waya, chini ya wavu kuna bati la kopo lililopigwa ribiti, na nyuma ya bati hilo hakuna kitu. Nikamulika tochi: unga mwekundu na kiota cha panya. Aliyeitengeneza mwisho alikuwa mchongaji wa vinyago, si fundi bodi.

Wenye uzoefu, nianzie wapi? Na nikate mpaka wapi?

---

Nati_13

Pole mkuu. Hiyo si gari, hiyo ni rangi iliyosimama yenyewe. Toa injini, ving'oe vinavyong'oka, mengine wape wa chuma chakavu.

Halafu una uhakika ni ya 1971? Kila mwenye Kombi husema yake ni ya 1971.

---

Kobe_wa_Lami

Nati, nina uhakika. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chumba cha injini inaanza na 211 2. Hiyo 21 ni gari la mizigo, na 1 inayofuata ni mwaka wa modeli. Indiketa za mbele ziko chini, karibu na bampa. Zilihamia juu, pembeni ya matundu ya hewa, kwenye modeli za 1973. Na mbele ina breki za diski, ambazo zilianza na modeli ya 1971.

Ukitaka tubishane kweli, hii hata si "Kombi". Kiwandani jina Kombi lilikuwa la ile yenye madirisha na viti vya kung'oa. Ila mtaani zote ni Kombi na mimi siwezi kupigana na mtaa.

---

Fundi_Tindo

Kijana, weka grinda chini kwanza. Usikate kitu leo.

Gari hili halina fremu nzito iliyojitegemea kama lori. Bodi na mihimili ya chini vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja. Vile vizingiti unavyovigonga ni sehemu ya uti wa mgongo. Kila kimoja kina bati tatu: la ndani, la katikati na la nje. Unaloliona ni la nje, na ndilo la mwisho kuoza. Kutu huanzia ndani, kwa sababu matope na maji huingia, tundu la kutolea maji linaziba, na humo ndani kiwandani hawakupaka rangi ya maana. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inapanua maungio ya bati, na maji yanapata njia pana zaidi. Ukiona lengelenge la rangi nje, ujue ndani kazi ilishaisha zamani.

Kwa hiyo lala chini ya gari na bisibisi yako. Gonga mihimili miwili mirefu inayotoka mbele kwenda nyuma, mikono inayotoka kwenye mihimili hiyo kwenda kwenye vizingiti, sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya miguu ya dereva, na boriti inayobeba magurudumu ya mbele. Boriti hiyo ikiwa na tundu, achana na mambo ya urembo kabisa, hiyo ndiyo inayokushika barabarani. Panda juu, angalia mfereji wa maji pembeni ya paa. Halafu fungua chumba cha injini, ondoa betri, uangalie sahani ya bati ambayo betri hukaa juu yake. Asidi ya betri ikimwagika pale miaka hamsini, huwa inabaki hewa tu.

Ukimaliza rudi hapa na orodha. Na kabla ya kukata kizingiti chochote kuna kitu lazima ukifanye, nitakueleza ukirudi.

---

Kobe_wa_Lami

Mzee Tindo, shikamoo. Nimechelewa kukusoma.

Jana nilikata kizingiti cha upande wa mlango wa kuteleza. Chote. Gari lilikuwa juu ya jeki moja katikati na stendi mbili nyuma. Kilitoka kirahisi mno, nikafurahi, nikapiga picha. Leo asubuhi nimejaribu kufunga mlango: unaingia robo tatu ya njia, unakwama. Nimepima upenyo kati ya mlango na nguzo ya nyuma. Juu ni milimita 4. Chini ni 11. Nikainua mlango kwa bega, hausogei. Moyo umenidunda, sijala.

---

Fundi_Tindo

Marahaba. Kula kwanza.

Hicho ndicho nilichotaka kukueleza. Umetoa uti wa mgongo huku mgonjwa amelala vibaya, tumbo limeshuka. Halijafa, ila usichomelee hata nukta moja likiwa hivyo. Ukichomelea kizingiti kipya sasa hivi utakuwa umeufunga ule upindo humo milele, na mlango hautakaa ukafunga.

Fanya hivi. Mlango usiung'oe, uache kwenye reli zake, huo ndio rula yako. Weka gari kwenye stendi chini ya mihimili mikuu, karibu na magurudumu mbele na nyuma, mahali chuma ni kizima. Pima kwa pima maji kulia na kushoto. Kisha jeki ya pili chini ya ile mikono ya pembeni, na ubao mnene juu yake ili usitoboe. Inua nusu mzunguko, shuka, pima upenyo. Nusu mzunguko tena, pima. Usikimbie. Upenyo ukilingana juu na chini, mlango utajifunga wenyewe. Hapo sasa chukua mabomba ya mraba, uyachomelee kwa muda ndani ya uwazi wa mlango: moja mlalo, mawili yakipishana kama herufi X. Ndipo uguse kitu kingine.

Na tangu leo unakata upande mmoja tu. Unaumaliza, ndio unahamia wa pili.

---

Kutu_Sugu

Samahani wazee, mnamtesa mwenzenu bure. Kuna dawa za kugeuza kutu. Unamimina ndani ya vizingiti, kutu inageuka nyeusi, unapiga puti mpya, rangi, unaendelea na maisha. Langu nimelifanyia hivyo, linang'aa.

---

Dada_Praima

Kaka Sugu, linang'aa tangu lini? Rudi baada ya mvua mbili.

Mimi kazi yangu ni rangi, dawa hizo nazitumia kila wiki, na sizikatai. Nyingi zina asidi ya fosforiki au tanini. Asidi inaishika kutu inaifanya fosfeti ya chuma, tanini inaifanya ile gamba nyeusi. Zote zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba juu ya chuma ambacho bado kipo. Kilichotoboka hakina cha kugeuzwa. Na kutu nene inayobanduka magamba, dawa inaishia juu juu tu, chini inaendelea kula. Kwanza brashi ya waya au grinda, mpaka ubaki na vile vidoa vyeusi ndani ya vishimo vidogo. Hapo ndipo dawa.

Puti nayo mnaionea. Puti ni ya kulainisha mawimbi ya milimita moja au mbili juu ya bati zima. Inanyonya unyevu kama sifongo. Kwa hiyo mimi bati likiwa tupu napaka praima (rangi ya msingi) ya epoksi kwanza, halafu puti juu ya epoksi, kisha nasugua msasa. Wengi wanaweka puti kwenye chuma kitupu. Hata hiyo inashika, ila siku maji yakipata njia ya kuingia, yanakaa pale pale kati ya puti na chuma.

Kobe, vipande vidogo kama bawaba na mabano usihangaike navyo na grinda. Vitumbukize kwenye siki siku moja au mbili, vioshe, vikaushe haraka kwa joto, vipake siku hiyo hiyo. Ukivilaza usiku mmoja vikiwa vitupu utavikuta vya rangi ya chungwa.

---

Kutu_Sugu

Dada umenimaliza. Naenda kugonga vizingiti vyangu kwa bisibisi, niombeeni.

---

Kobe_wa_Lami

Wakuu, mlango umefunga! Imenichukua jioni mbili. Jeki, shuka, pima, jeki, shuka, pima. Mwishoni juu nina 6, chini nina 6 na nusu. Nilipousukuma ukateleza wenyewe ukalia "klak". Nimeufungua na kuufunga mara kumi hivi, jirani akaniuliza kama nimeuza.

Mabomba ya X yako ndani. Sasa kuchomelea. Nina mashine ya kuchomelea ya vijiti niliyoazima.

---

Mchomeleaji

Irudishe hiyo mashine kwa mwenyewe, kwa upendo. Vijiti vinafaa geti na trela. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.8 hadi 1, ukigusa na kijiti unapata tundu, ukijaribu kuziba tundu unapata tundu kubwa zaidi. Mafundi wachache wanaliweza, wewe na mimi si miongoni mwao. Tafuta MIG, mashine inayojilishia waya yenyewe, waya wa milimita 0.6, gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Bati jipya la nje tumia la milimita 1. Mikono ya chini na sehemu za jeki, 1.5 mpaka 2.

Kata kiolezo kwa boksi la karatasi ngumu kwanza, likikaa sawa ndio unahamishia kwenye bati. Usichomelee mstari mrefu hata siku moja. Piga nukta, ruka sentimita tano, piga nyingine, rudi mwanzo kukiwa kumepoa kiasi cha kugusa kwa mkono. Joto likikusanyika bati linajikunja kama chapati na hapo utaomba puti kwa machozi. Kiwandani walibana bati kwa nukta. Wewe toboa bati la juu matundu ya milimita 6, libane na klempu, jaza matundu kwa waya. Ukisugua vizuri inafanana na ya kiwandani.

Sasa moto. Hapa sicheki. Tanki la petroli la gari hilo liko mbele ya injini, juu ya gearbox. Kulitoa kunahitaji injini ishuke. Ishushe. Hakuna kona ya gari hilo ambayo ningechomelea nyuma ya viti tanki likiwemo, hata likiwa tupu. Likiwa tupu ndio baya zaidi, mvuke. Tenganisha betri. Kwangua lami iliyopakwa chini ya gari sentimita 15 kila upande wa unapochomelea, maana huwaka upande usioutazama. Usisafishie bati dawa ya breki yenye klorini halafu ukachomelea, joto linatoa gesi ya fosjini, na hiyo ni sumu iliyowahi kutumika vitani. Bati la mabati ya zinki kwangua zinki kwanza, moshi wake unakupa homa usiku. Mtungi wa kuzimia moto mkononi, na ukimaliza usiondoke. Kaa nusu saa unanusa.

Na kasha la injini hiyo ni la aloi ya magnesiamu. Likiwaka, maji yanalizidisha. Mchanga mkavu uwepo karibu.

---

Kobe_wa_Lami

Nimeazima MIG. Nimekaa siku tatu nachomelea vipande chakavu mezani. Cha kwanza kilikuwa kama kinyesi cha njiwa. Cha thelathini na kitu kimekaa sawa, nimekipiga nyundo kikapinda bati lenyewe, nukta haikuachia.

Injini imeshuka. Bolti nne za gearbox, mhimili wa nyuma, waya wa kasi, bomba la petroli, nyaya chache. Tulikuwa wawili na jeki ya magurudumu. Nilipotoa tanki nikaona mpira wa petroli. Nimeuminya kwa vidole ukapasuka kama mkate mkavu. Huo mpira unapita juu ya injini ya moto! Naambiwa Kombi nyingi zilizoungua zilianzia hapo. Imebadilishwa yote, na klempu mpya.

Sahani ya betri, Mzee Tindo ulisema itakuwa hewa. Haikuwa hewa. Ilikuwa zulia. Mtu alikata zulia akalilaza juu ya tundu, akaweka betri.

---

Nati_13

Nafuta kauli ya chuma chakavu. Zulia limeniuma.

---

Kobe_wa_Lami

Ripoti ndefu, nilipotea wiki kadhaa.

Vizingiti vya pande zote mbili vimeingia, bati tatu tatu. Kabla ya kufunga la nje, ndani nilipaka praima ya zinki pale patakapochomelewa na epoksi kwingine kote. Mikono minne ya chini ni mipya. Tao za nyuma nimetengeneza kwa vipande, hapo Dada Praima atanisamehe, kuna puti ya milimita mbili upande wa kulia.

Breki sitaziongelea sana. Silinda kuu mpya, mipira yote mipya, mabomba yote ya chuma mapya, hakuna cha kufikiria. Kuwa makini tu na mafuta ya breki, tone moja lilidondoka kwenye praima iliyokuwa haijakauka vizuri na likala mpaka chuma.

Injini ilikuwa inazunguka kwa mkono. Mafuta mapya lita 2.5, nikasafisha chujio la chini, nikarekebisha uwazi wa vali kuwa milimita 0.15 ikiwa baridi kabisa. Niliizungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya mafuta ikazimika, ndipo nikarudisha plagi. Ikakohoa, ikatema moshi, ikakaa. Ile sauti ya cherehani. Nilikaa kwenye ndoo nikaisikiliza kama redio.

---

Dada_Praima

Puti ya milimita mbili nimeisamehe. Rangi unapiga mwenyewe? Kama ni ile ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), ina isosayaneti, na barakoa ya kawaida ya chujio sipendekezi. Inatakiwa ile inayoleta hewa safi kwa mpira. Kama huna, piga praima na usugue wewe mwenyewe, rangi ya mwisho peleka kwa mwenye chumba na vifaa. Na baada ya rangi, si kabla, ingiza nta ya majimaji ndani ya vizingiti kwa mpira mwembamba mpaka idondoke kwenye matundu ya kutolea maji. Ikidondoka ujue imefika. Matundu hayo usiyazibe!

---

Kobe_wa_Lami

Nimefuata, rangi nimepeleka. Nta imedondoka matundu yote isipokuwa moja, nimelizibua kwa waya, panya alikuwa ameacha kumbukumbu.

Kioo cha mbele. Mpira wa zamani nilikuwa nimeukata kwa kisu badala ya kuuvuta, kioo kikatoka kizima. Mdomo wa bati chini yake ulikuwa umeliwa kwenye kona mbili, nimeuchomelea. Kurudisha: unavika mpira kwenye kioo, unaingiza kamba nyembamba kwenye mfereji wa mpira kuzunguka pote, unapaka maji ya sabuni. Mwenzako nje anakandamiza kioo kwa viganja, wewe ndani unavuta kamba taratibu na mdomo wa mpira unapanda juu ya bati, inchi kwa inchi. Jaribio la tatu kikakaa.

Leo nimeimwagia maji kwa bomba dakika 20. Mlango wa kuteleza mkavu. Sakafu kavu. Kona ya chini kushoto ya kioo, tone moja kila baada ya kuhesabu hadi tisa.

---

Fundi_Tindo

Kona uliyochomelea?

---

Kobe_wa_Lami

Hiyo hiyo mzee. Nimeweka tochi ndani usiku, nimechungulia nje mpira ukiwa umeinuliwa kwa kijiko. Kuna kijitundu kama ncha ya sindano kati ya nukta mbili.

---

Fundi_Tindo

Basi kamba unayo. Kitoe.